Mwaka Tuliojifunza Kutogusa

Mama Faida aliniletea maji ya kuosha miguu katika beseni la plastiki lililoyeyuka ukingo upande mmoja, na juu ya kitambaa akaniwekea jiwe la kusugulia visigino. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Burungu, kwanza kwa pikipiki mpaka pikipiki ikashindwa, kisha kwa miguu katika tope la msitu, na bado nilikuwa nimechelewa. Mwanawe Faida, rafiki yangu, alikuwa amezikwa jana yake. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni yao, pale Itebero, nikachukua jiwe bila kuliangalia, na vidole vyangu ndivyo vilivyoshtuka kwanza. Jiwe letu la Masisi, lile jeusi la volkano ambalo kila mwanamke analo, lina vitundu ovyo ovyo. Hili lilikuwa na vitundu vilivyopangwa, kila kimoja kama nyota ndogo, na upande mmoja nyota zilikuwa zimelika kwa visigino vya watu. Kilikuwa kipande cha tumbawe. Mimi ndiye niliyekitoa baharini, nilikitoa vibaya, na kwa sababu yake mwanamke niliyekuja kumlilia amekufa bila kuiona bahari.

Sitaanza na nilizaliwa wapi na kwa nani, maana hayo hayana hatia. Nitaanza na mwaka ule barabara ilipofunguka. Sisi watu wa huku tunaihesabu miaka kwa barabara: mwaka ilipofungwa, mwaka tulipoikimbia, mwaka ilipofunguka tena na chumvi ikashuka bei. Mwaka ule ikafunguka, na nyuma ya malori ya chumvi ukaja mradi. Mradi ulisema wageni watakuja siku moja kuangalia msitu wa Walikale na sokwe wake, na kwamba mgeni asiyefundishwa huharibu kuliko mwenye shoka, kwa hiyo vijana wajifunze kumpokea na kumzuia. Na kwa kuwa watu wa pwani ndio wenye uzoefu wa wageni, tukaletewa mwalimu kutoka kule, dada Rukia, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu kuangalia matumbawe chini ya maji. Tulikuwa kumi na wawili. Ilisemekana wawili kati yetu wataenda kuona kwa macho yao, mmoja kiangazi kile, mwingine kiangazi kitakachofuata. Tulipofanya mtihani, mimi na Faida tulilingana. Papa Anselme, kordonateri aliyesimamia mradi, akatupanga kwa alfabeti. Jina langu Espérance likatangulia, na hakukuwa na sababu nyingine yoyote.

Tulifundishwa Hombo, na mimi na Faida tukapangiwa chumba kimoja kwa Mama Noela, mjane aliyekuwa na depo ya mafuta ya mawese. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, godoro la majani makavu, na ukuta wa mbao uliotutenga na depo. Harufu ya mawese ilikuwa katika shuka, katika nywele, katika daftari. Chakula kilikuwa fufu ya muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa, siku ya soko makayabu, samaki wa chumvi, na Jumapili Mama Noela alitupa maharagi kwa heshima yangu, kwa sababu alisema mtoto wa Masisi asipoona haragi kwa wiki nzima anaanza kuota baba yake. Kupitia ule ukuta tulisikia kila kitu: nani amekwama Walikale na gari, nani amemkimbia mke, na zaidi ya yote tulijisikia sisi wenyewe tukisemwa. Asubuhi moja mteja mmoja alimweleza mwenzake kwamba wasichana wale wanafundishwa kuangalia samaki ndani ya maji na kumwacha. Mwenzake akafikiri, kisha akauliza kwa huruma ya kweli, "Kumuacha juu ya nini? Iko mugonjwa?" Faida alicheka mpaka akauma mto. Kile kicheko ninakisikia hata leo, na sikipendi tena.

Dada Rukia hakuwa na huruma kama ile. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu anayeogelea, na Kiswahili chake kilitufanya sisi tuone aibu kufungua kinywa. Alitutaka kila mmoja aandike katika daftari mpango wa ziara, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba ni yeye atakayewaongoza wageni. Nani atakuwa kiongozi, na anayafahamu matumbawe ya pale au ni mtu wa kukodi tu. Maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa, maana yakikupwa mtu anakwaruza kwa tumbo. Chombo kitafungwa kwenye boya au kitatupa nanga, na kama ni nanga, msiende. Mgeni avae shati la mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, kwa sababu mafuta yale yanabaki majini na kuua. Asisimame. Asiguse. Asiwape samaki mkate. Asichukue kitu, hata kombe tupu, hata kilichokufa. Alirudia kwamba tumbawe si jiwe, ni mnyama, tena ni maelfu ya wanyama wadogo waliokaa pamoja, na kipande cha urefu wa kidole kinaweza kuwa kimekua kabla sisi hatujazaliwa. Na alituambia jambo la mwisho waziwazi, siku ya kwanza kabisa: mtu wa kwanza tutakayempeleka akivunja, safari ya pili haipo. Mpango wa Faida ulikuwa bora kuliko wetu wote. Aliandika hata mambo ambayo dada Rukia hakuyasema, kwa mfano kwamba kabla ya kushuka majini wageni wakae kimya kidogo ndani ya chombo. Alipoulizwa kwa nini, alisema kwao hamuingii msituni mkipiga kelele, mnasimama kwanza ukingoni mpaka mjue mmepokelewa.

Hayo aliyapata nyumbani, nami nikayasikia kwa masikio yangu, kwa sababu mwezi mmoja kabla ya safari alinipeleka kwao Itebero anifundishe kuogelea. Mimi ni mtu wa milima. Kwetu maji ni kitu cha kuteka, si cha kulala juu yake. Mama Faida alinipokea kama mtoto wake, akanipa samaki wa mtoni aliyefungwa katika majani, akakaa palepale nyuma ya jikoni akimenya mihogo na kuniuliza kuhusu kule ninakokwenda. Nikamweleza juu ya kutogusa. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Hiyo iko kwetu tangu zamani. Mutu akiingia pori ya bantu, pori ya wenyewe, mara ya kwanza, anatoka mikono mitupu. Mara ya pili njo anaweza kuomba." Nikaandika katika daftari. Kwetu mambo ni tofauti, nikamwambia, kwetu mtu akitoka safari ya mbali na mikono mitupu, ni kama amerudi kutukana watu, maana mkono mtupu haulambwi. Mama Faida akasema kila mlima na sheria yake, akaniongezea samaki.

Mtoni, Faida aliniwekea mkono chini ya tumbo, nikavaa ile miwani ya kuzamia na ule mrija mdomoni, nikaweka uso majini na kuona mchanga na miguu yake. Kila siku nilizama, kila siku nilimshika shingo. Hakuchoka. Alinipa somo moja tu, na alilirudia kila nilipokunja ngumi: "Espe, usishike. Kile kitu unashika ndani ya maji, njo kinakuzamisha. Lala tu." Siku ya tisa nikalala. Aliondoa mkono bila kuniambia, nikaelea peke yangu juu ya maji ya rangi ya chai, na nilipoinua kichwa nikamkuta amekaa juu ya mwamba anajikausha nywele, kana kwamba amekaa pale tangu asubuhi. Sijawahi kupendwa na rafiki namna ile tena. Siku ya kuagana nilimuuliza nimletee nini. Alisema hataki kitu, nimweleze tu vizuri, polepole, nisisahau rangi.

Na rangi nilizisahau. Huo ndio ukweli kuhusu safari ambayo watu wengi wamenisikia nikiisimulia katika semina kwa maneno mazuri. Kila kitu kilifanyika kama tulivyopanga: maji yalikuwa yamejaa, chombo kilifungwa kwenye boya, mashati yetu yalikuwa na mikono mirefu, tulikaa kimya kwanza kama Faida alivyoandika, na dada Rukia alinitazama kwa furaha. Nikashuka. Kwa muda ambao siwezi kuupima niliona mji chini yangu, wa zambarau na manjano na kijani ambacho hakipo katika majani ya kwetu, na samaki wakipita katika vichochoro vyake bila kunijali. Kisha wimbi dogo likaingiza maji katika mrija. Nikakohoa, nikameza chumvi, na mwili wangu wa milimani ukasahau siku tisa zote za Itebero. Nikashika. Nilishika tawi la tumbawe kwa mkono mzima kama mtu anayeanguka mlimani anavyoshika mzizi, likakatika, na kiganja changu kikachanika nalo. Nilipotulia, dada Rukia alikuwa mbali kidogo akimsaidia mgeni mwingine. Kipande kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukiachia kianguke mchangani. Badala yake nilikisukuma ndani ya shati, kwa sababu nilijua kwamba rangi zile sitaweza kuzieleza, na kwamba kuna mtu aliyekaa juu ya mwamba ananingoja, na kwetu haturudi mikono mitupu. Miaka yote nimesema moyoni kwamba nilikiokota, kimevunjika tayari. Sikukiokota. Jeraha nikamwambia dada Rukia nimelipata kwenye ngazi ya chombo, naye mwenyewe akalisafisha.

Nilipofika Hombo kile kipande kilikuwa kimekuwa cheupe na kilianza kunuka. Nilimpa Faida chumbani, kimefungwa katika kipande cha kitenge. Alikifungua, akakishika kwa ncha za vidole, akakaa kitandani. Sikuona furaha niliyoitegemea. Aliutazama mkono wangu uliofungwa bandeji, akakitazama kipande, na sikuwa na haja ya kusema kitu. Alisema, "Ulishika." Nikasema ndiyo. Akauliza kama dada Rukia anajua, nikasema hapana. Basi akakifunga tena na kukiweka chini ya godoro, upande wake. Nilimuuliza kama tukitupe mtoni. Akanijibu kwamba kimetoka mbali kuja kufa, tusikiongezee aibu. Usiku wote, na siku zilizofuata, hakuniuliza rangi.

Wiki mbili baadaye dada Rukia na Papa Anselme walikuja kuthibitisha safari ya pili. Mama Noela aliwapikia mchana. Alifagia chumba chetu kwa heshima ya wageni, akageuza godoro apate kulianika, akakuta kile kitu cheupe chenye nyota, na kwa kuwa alikuwa mwanamke anayependa vitu vizuri, akakiosha na kukiweka katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichofunika sahani, ili kitambaa kisipeperuke. Tuliingia kula. Dada Rukia alikaa, akanyoosha mkono afunue sombe, na mkono wake ukasimama hewani. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu hili limetoka wapi. Mama Noela, masikini, akajibu kwa fahari kwamba amelikuta chini ya godoro la Faida, kama ni dawa wamsamehe. Nakumbuka mvuke wa fufu, nakumbuka inzi mmoja kwenye ukingo wa sahani yangu. Faida alinitazama. Alinipa nafasi, najua alinipa, ilikuwa ndefu kama pumzi mbili. Mimi nikaangalia sombe.

"Ni yangu, dada Rukia," Faida akasema. "Niliinunua kwa muchuuzi wa dawa, hapa kwa soko."

Hombo kila kitu kinauzwa, na wachuuzi wa dawa wana makombe na mifupa ya kila bahari, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Papa Anselme alitikisa kichwa kama mzazi. Dada Rukia akalishika lile jiwe kwa mikono miwili, na alipozungumza alizungumza nalo zaidi kuliko na sisi. "Anayenunua tumbawe ndiye anayelivunja, Faida. Mkono wake haupo majini, lakini yeye ndiye aliyevunja." Kisha akageuka kwangu, akashusha macho kuelekea mkono wangu, ambao nilikuwa nimeuweka chini ya meza. "Na wewe, Espe? Una neno?"

"Sina," nikasema.

Alimwambia Faida kwamba baharini hataenda tena na arudi kwao, akamrudishia jiwe, akasema alitunze, limkumbushe. Tukala. Hilo nalo linaniuma, kwamba tulikula, na kwamba makayabu ilikuwa nzuri. Baada ya chakula nilimfuata Faida chumbani alipokuwa anafunga mzigo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza kufua. Aliniambia kwa sauti ndogo, kwa sababu ya ule ukuta, "Ungesema, safari ya pili ingekufa na wewe ungefukuzwa. Tungeanguka wote wawili. Sasa naanguka mimi peke yangu. Lakini usikae kimya milele, Espe." Nilimwahidi kwamba nitakuja Itebero, mkono ukipona, na kwamba nitamwandikia dada Rukia. Akatoka kwa miguu alasiri ile, na kitenge kile kimefunga jiwe.

Kiangazi kilichofuata kiti chake kilikuwa wazi, na Papa Anselme akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa na pasipoti na uzoefu. Nilikipokea. Nilirudi baharini katika nafasi ya Faida, na safari hiyo sikushika kitu, nilielea vizuri mno, wakanipiga picha. Kutoka hapo ikaja kazi, kutoka kazi ikaja nyumba, na nimefundisha vijana wengi wa Masisi na Walikale kwamba mgeni asiguse. Wananiita Mama Usiguse, nami hucheka nao. Barua kwa dada Rukia niliianza mara nyingi. Kisha vita ikafunga barabara na nikapata kisingizio cha heshima, maana huku kwetu vita imebeba makosa yake na ya wengine. Lakini barabara ilifunguka tena, si mara moja, na nilipita Hombo kwa gari la mradi, nikauona mlango wa Mama Noela, na kutoka hapo hadi Itebero nilijua njia. Sikwenda. Habari zake nilizipata vipande vipande: ameolewa, analima, amezaa, anafundisha watoto wa kijiji kulala juu ya maji. Mwisho nikasikia ameugua tumbo, wamembeba kwa tipoyi kuelekea hospitali, machela mabegani na njia ndefu, na hakufika.

Kwa hiyo nilikuwa pale, na jiwe magotini, na Mama Faida amekaa mbele yangu akimenya mihogo kama zamani. Amezeeka, mikono tu haijazeeka. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa kwa sauti zilizochoka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kwa Kiswahili kile cha semina, na yote yakanipotea.

"Mama," nikasema, "hii jiwe ni mimi niliivunja. Faida hakununua kitu."

Hakuacha kumenya. "Najua. Alinielezea siku ile alirudi, mbele ya kuweka muzigo chini."

Nikamuuliza kwa nini basi hawakusema, kwa mradi, kwa Papa Anselme, kwa mtu yeyote. Alinijibu kwamba yeye alitaka kwenda mpaka Hombo kwa miguu yake, na Faida ndiye aliyemkataza. Faida alisema Espe ana jeraha mkononi, likipona atakuja mwenyewe kusema. Kwa hiyo wakangoja. Mwaka wa kwanza Faida alikuwa akisikia pikipiki barabarani anatoka nje. Baadaye akaacha kutoka, akalileta jiwe hapa nyuma ya jikoni, akasema halina maana likae bure, watu wasugulie miguu. Mama Faida aliyasema yote haya bila uchungu katika sauti, kama anayenieleza bei ya sokoni, na mimi ningependa anipige.

Alimaliza muhogo, akautupa katika sufuria ya maji, akafuta kisu kwenye kitenge. Ndipo akaniangalia.

"Unakumbuka kile nilikuambia, hapa hapa, juu ya pori ya bantu?"

Nikasema ninakumbuka. Nilikuwa nimekiandika hata katika daftari, nimekisema mbele ya watu, nikapigiwa makofi.

"Wewe uliingia kwetu mara ya kwanza, ukatoka na nafasi ya mutoto wangu. Na mara ya pili hukukuja kuomba."

Nilisimama nusu, nikitaka kuliweka jiwe chini, au kulifunga katika kitambaa changu niondoke nalo, sijui nilitaka nini. Akanyoosha kisu kuelekea beseni.

"Kaa. Osha miguu, maji inapoa."

Nikakaa. Nikachovya jiwe majini, nikaanza na kisigino cha kushoto, naye akachukua muhogo mwingine.